Mpunga wa Kunukia: Sababu za Kutunza Mbegu za Zamani

Ndugu wakulima wa Utemini na wa nchi yote ya Singida,

Najua kwamba nchi yetu ni nchi ya uwele, mtama, alizeti na vitunguu, wala mvua yetu si nyingi. Hata hivyo wako wengi miongoni mwenu, hasa wenye mashamba mabondeni na katika mbuga za upande wa Iramba, ambao wamejenga majaruba na kulima mpunga maji yanaposimama. Na hata asiyelima mpunga hula wali, maana harusi bila wali huonekana kama haikukamilika. Tena mtazameni mama anayekwenda sokoni kununua mchele: kabla ya kuuliza bei huchota kidogo kiganjani, akaunusa. Ukinukia, hukubali kutoa fedha zaidi. Usiponukia, hupita kwa mwuzaji mwingine.

Basi harufu ya mchele ni mali. Katika karatasi hii nataka kueleza mambo matatu. Kwanza, harufu hiyo hutoka wapi. Pili, kwa nini aina nyingi za mpunga wa kunukia zinafaa kutunzwa, wala si aina moja tu. Tatu, kazi ya kila mkulima katika kuzitunza, kazi ambayo haihitaji fedha ila uangalifu.

1. HARUFU HUTOKA WAPI

Mpunga wa kunukia hauanzi kunukia ndani ya sufuria. Ukipita jarubani asubuhi wakati mpunga unapochanua, harufu hukupokea njiani. Majani pia yana harufu ile ile. Wako wanaosema kwamba harufu hutoka katika udongo wa mahali fulani. Neno hilo lina kweli kidogo, lakini si kweli yote, kama nitakavyoonyesha.

Katika mwaka wa 1982 mtaalamu mmoja wa Marekani, Ron Buttery, pamoja na wenzake waliuchunguza mvuke wa wali unaonukia. Katika mvuke huo mna vitu vingi sana, lakini waliona kwamba kimoja ndicho chenye harufu tunayoipenda. Kitu hicho huitwa asetili-pirolini. Ndicho kinachonukia katika bisi za mahindi zinapopasuka, na ndicho kilicho katika majani ya mti mmoja wa jamaa ya mkadi, ambayo watu wa Asia huyatia katika wali ili unukie. Nguvu yake ni ya ajabu: hata ikiwa sehemu moja tu katika sehemu bilioni za maji, pua ya mtu huitambua.

Je, kwa nini mpunga mmoja unacho kwa wingi na mwingine hauna? Watu wengi wangedhani kwamba mpunga wa kunukia umepewa kitu ambacho mwingine umenyimwa. Kumbe ni kinyume. Ndani ya kila mpunga mna malighafi iwezayo kugeuka kuwa harufu. Lakini katika mpunga wa kawaida yuko kama mtumishi, ambaye wataalamu humwita kimeng'enya, naye huichukua malighafi hiyo na kuigeuza kuwa kitu kingine kabla haijawa harufu. Katika mpunga wa kunukia mtumishi huyo hafanyi kazi, na malighafi hubaki na kugeuka kuwa harufu.

Sababu yake ilijulikana mwaka wa 2005, wataalamu wa Australia walipopata mahali penyewe. Kila kiumbe kina maandishi ya urithi ndani yake, na maandishi ya mpunga yamegawanyika katika vitabu kumi na viwili, kila kitabu kikiwa na nakala mbili. Katika kitabu cha nane mna maagizo ya kumfanya yule mtumishi. Katika aina nyingi za mpunga wa kunukia, herufi nane za maagizo hayo zimepotea, kwa hiyo hayasomeki. Harufu tunayoisifu imetokana na upungufu.

Sasa narudi kwa neno la udongo. Urithi ndio unaoamua kama mpunga utanukia au hautanukia. Mahali na matunzo huamua kiasi. Joto kali wakati punje zinapojaa hupunguza harufu. Kuchelewa kuvuna, kuanika vibaya na kuweka mchele ghalani muda mrefu pia huipunguza. Kwa hiyo mbegu njema katika mikono ya mvivu hutoa mchele usionukia vyema, lakini mbegu isiyo na urithi wa harufu haiwezi kunukia hata ikilimwa na mwenye bidii kuliko wote.

2. JINSI HARUFU INAVYORITHIWA

Kila mmea hupokea nakala moja ya maagizo kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Nakala moja nzima yatosha kumfanya mtumishi yule, naye akiwapo harufu haipo. Basi ukichanganya mpunga wa kunukia na usionukia, mche wa kwanza unaozaliwa huwa na nakala moja nzima na moja yenye upungufu, nao hauna harufu ile. Lakini urithi haujapotea, umejificha tu. Punje zitakazozaliwa na mche huo zitakuwa za namna mbili: katika kila punje nne, kwa wastani, tatu hazinukii na moja hunukia. Jambo hili si geni kwetu. Mara ngapi tumeona mtoto aliyefanana na babu yake kuliko baba yake?

Hapa pana somo la shamba. Wakulima wengi hulalamika kwamba mpunga wao ulinukia zamani na sasa haunukii, na husema kwamba upepo umeleta mbegu ya jirani. Mpunga hujichavusha wenyewe, mara nyingi kabla ua halijafunguka vyema. Katika punje mia, kwa kawaida hata moja haipati baba wa nje. Mchanganyiko wenu mwingi haukuletwa na upepo, uliletwa na gunia lisilokung'utwa, na uwanja wa kupuria uliotumiwa na watu watano siku moja, na debe la mbegu lililoazimwa bila kuulizwa. Msiulaumu upepo, tazameni magunia.

3. AINA NI NYINGI KULIKO TUDHANIVYO

Mpunga ni mgeni wa zamani katika nchi hizi. Huko Pemba wachimbuzi wamekuta punje za mpunga zilizoungua ambazo zimekaa ardhini zaidi ya miaka 1000. Tangu uje kwa njia ya bahari, wakulima wameubeba kutoka bonde hadi bonde, na kila mahali wamechagua masuke yaliyowapendeza. Ndiyo maana leo twasikia majina mengi: Supa, Shingo ya Mwali, Kalamata, Kahogo, Faya, Rangi Mbili, Mbawa Mbili, Tule na Bwana. Mchele wa Kyela na wa bonde la Kilombero hujulikana hata kwa watu wasiopata kufika huko. Katika aina hizi baadhi hunukia sana, nyingine kidogo, na nyingine hazinukii kabisa.

Hata zile zinazonukia sawasawa hutofautiana kwa mambo mengine. Moja huiva mapema, nyingine huchelewa. Moja ni ndefu na huanguka upepo ukivuma, nyingine husimama. Moja huvumilia siku za ukame, nyingine hupenda maji yasiyokauka. Moja hutoa chenga nyingi kinuni, nyingine punje nzima. Hata upungufu wenyewe uletao harufu si wa namna moja. Basmati ya Bara Hindi na mpunga wa kunukia wa nchi ya Thai ni jamaa mbili zilizo mbali kwa asili, nazo zina upungufu ule ule wa herufi nane. Lakini zimepatikana aina nyingine za kunukia ambazo maagizo yao yameharibika mahali pengine kabisa.

Liko jambo moja linalotatiza, nalo ni majina. Jina moja huvikwa mbegu mbili, na mbegu moja huitwa majina mawili. Neno "Supa" sokoni limekuwa karibu na maana ya "mchele mzuri", na wachuuzi hulitumia wapendavyo. Kwa hiyo mkulima asitosheke na jina. Aijue mbegu yake kwa urefu wake, kwa rangi ya ganda lake, kwa siku zake za kuiva na kwa harufu yake.

4. KWA NINI WATAALAMU WANAZIHITAJI MBEGU ZETU

Mzalishaji wa mbegu mpya haumbi kitu kutoka hewani. Kazi yake ni kuoza mbegu hii kwa ile, kisha kuchagua watoto walio bora. Akikosa wazazi wenye sifa tofauti, hana la kufanya.

Mfano mkubwa ni ule wa mwaka wa 1966. Wataalamu wa chuo cha mpunga cha Ufilipino walitoa mbegu iitwayo IR8. Mzazi mmoja, Peta, alitoka Indonesia, naye alikuwa mrefu na mwenye nguvu. Wa pili alitoka Taiwan, naye alikuwa mfupi. Mtoto alirithi ufupi, akaweza kupokea mbolea na kubeba masuke mazito bila kuanguka. Mavuno ya Asia yalibadilika kwa sababu mkulima fulani wa Taiwan alikuwa ameendelea kupanda mpunga mfupi.

Hapa kwetu pia kazi hiyo imefanyika. Supa hupendwa kwa harufu na utamu, lakini ni ndefu, huanguka, na mavuno yake si makubwa. Wataalamu wa Tanzania waliifanya kuwa mzazi, nao mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatoa mbegu ya TXD 306, ambayo wakulima huiita SARO 5. Mbegu hiyo ni fupi kuliko Supa, huzaa zaidi, na hunukia kiasi. Huko Zanzibar walifuata njia nyingine. Walipiga mbegu za Supa kwa mionzi ili maandishi ya urithi yabadilike hapa na pale, wakachagua miche iliyofaa, na mwaka wa 2011 wakatoa mbegu iitwayo Supa BC. Njia zote mbili zilianza kwa Supa. Kama wakulima wangaliiacha ipotee, hapangekuwa na mahali pa kuanzia.

Sasa fikirini magonjwa. Wengi mnaujua ugonjwa wa kimyanga, unaoyafanya majani ya mpunga kuwa na michirizi ya manjano, mche kudumaa na masuke kuwa na mapepe. Ugonjwa huu uligunduliwa kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka wa 1966, na baadaye ukaonekana katika nchi nyingi za Afrika. Huenezwa na wadudu wenye mabawa magumu, na hata kwa mikono na miundu yetu tunapopita kutoka mche hadi mche. Hauna dawa ya kunyunyiza. Supa huugua kwa urahisi. Lakini iko mbegu moja ya zamani ya Msumbiji, iitwayo Gigante, ambayo kimyanga hakiiwezi kwa urahisi, na wataalamu wameitumia kama mzazi ili kuhamisha kinga yake. Kinga hiyo haikutengenezwa katika chumba cha wataalamu. Ilikuwa shambani mwa wakulima, ikingoja kujulikana.

Mfano wa mwisho ni huu. Katika miaka ya 1970 ugonjwa mwingine wa mpunga ulisumbua Asia. Wataalamu walipima zaidi ya mbegu 6000 wakitafuta kinga. Walioupata ulikuwa mpunga mwitu kutoka Bara Hindi, ambao mkulima angeuita magugu. Kinga yake ikaingizwa katika mbegu kadhaa, mojawapo ikiwa IR36 ya mwaka wa 1976, ambayo baadaye ilipandwa katika mamilioni ya hekta. Je, nani angaliweza kusema kabla ya hapo kwamba magugu yale yalikuwa na thamani?

5. KOSA NILILOLIFANYA MIMI MWENYEWE

Nisije nikaonekana kwamba nawafundisha kama mtu asiyekosea, nitasimulia jambo lililonipata nilipokuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini. Nilipelekwa penye majaruba na mbegu mpya, nami niliisifu sana. Bibi mmoja mzee alikuwa na mpunga wake wa kunukia, mweusi wa ganda, wa kuzaa haba. Nilimwambia mbele ya watu, "Bibi, mbegu hiyo imepitwa. Pika, ule, upande hii." Hakunijibu. Wenzake walifanya nilivyosema.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mbegu niliyoileta ilikuwa bado haijachanua, ikasimama kijani kisha ikakauka bila suke. Wala haikuwa mbegu mbaya, ilikuwa mbegu ya mahali penye maji. Mpunga wa yule bibi ulikuwa umekwisha kujaza punje. Alivuna kidogo, lakini alivuna. Wengine walipokuja kutafuta mbegu ya zamani hawakuiona kwao, maana walikuwa wameila kwa neno langu. Ikabaki katika kibuyu kimoja tu, juu ya jiko la mama yule yule niliyemdharau. Nilikwenda kwake kuomba. Akanipa vibaba viwili, akasema, "Mwanangu, wewe ulikuja na mbegu. Mimi nilizaliwa nikaikuta hii."

Tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote atupe mbegu. Mbegu mpya nazipenda na nazihubiri, maana zimeleta chakula kingi. Lakini namwambia kila mkulima apande mpya katika majaruba yake makubwa, na aiachie ya zamani jaruba moja dogo. Kwa uwele na mtama mwafanya hivyo bila kufundishwa: wengi hupanda wa kuiva upesi pamoja na wa kuchelewa, kwa kuwa hakuna ajuaye mvua itakavyokuwa. Busara hiyo hiyo itumike kwa mpunga.

6. NAMNA YA KUTUNZA MBEGU YA KUNUKIA

Fanyeni mambo haya kwa utaratibu.

(a) Wiki moja kabla ya kuvuna, ingia jarubani na uchague. Acha kingo, chukua katikati. Ng'oa miche iliyo mirefu au mifupi kuliko mingine, na yenye ganda la rangi tofauti. Usichukue mbegu penye mche unaougua.

(b) Chukua masuke mia moja au zaidi, kila moja kutoka mche wake. Usichukue masuke ya mche mmoja tu hata ukiwa mzuri sana. Mbegu ya zamani ni kama ukoo, ina ndugu wengi wenye tabia zinazotofautiana kidogo, na ukimchukua mmoja unawaacha wengine.

(c) Pura masuke hayo kwa mkono, peke yake, juu ya mkeka safi, kabla ya kupura mpunga mwingine. Kung'uta chombo kabla ya kukitumia.

(d) Anika kwa jua la kiasi, ukigeuza mara kwa mara. Punje iliyokauka, ukiiuma, hukatika kwa mlio, haibonyei.

(e) Weka katika kibuyu, chungu au debe lenye kifuniko, lijae na lifungwe vyema, mahali pasipo joto wala unyevu. Andika jina la mbegu, mahali ilipotoka, mwaka wa kuvuna na siku zake za kuiva. Karatasi moja itiwe ndani na nyingine ibandikwe nje.

(f) Pima harufu kila mwaka. Koboa punje kutoka masuke mbalimbali, tia kijiko kimoja katika kikombe, mimina maji ya moto kidogo, funika kwa dakika kumi, kisha funua na unuse. Ukitaka kujua suke moja moja, tafuna punje zake chache. Suke lisilonukia litoe katika mbegu.

(g) Pandeni tena kila mwaka au miaka miwili, maana mbegu hufa zikikaa sana ghalani. Kati ya aina na aina acheni nafasi ya mita tatu au zaidi, na msitumie kitalu kimoja kwa aina mbili.

(h) Usiitunze peke yako. Mpe jirani kibaba kimoja, naye akupe chake. Nyumba moja ikiungua, mbegu iwe katika nyumba nyingine.

Tena mjue kwamba iko hazina ya taifa ya mbegu za mimea huko Arusha, ambako mbegu za wakulima huwekwa katika baridi ili zisife, na huko Ufilipino chuo kile cha mpunga kimehifadhi zaidi ya aina 130,000. Mwenye mbegu ya zamani na amwarifu ofisa kilimo wa kata yake, ili sehemu yake ipelekwe. Lakini mbegu iliyo katika baridi imelala, haijifunzi ukame wetu wala wadudu wetu. Iliyo jarubani huendelea kuchaguliwa kila msimu kwa mkono wa mkulima. Twahitaji zote mbili.

Kwa wenye nia ya kuuza mbegu, si mchele, yawapasa kwanza kuonana na TOSCI, chombo cha serikali kinachosimamia ubora wa mbegu, ili wafuate sheria.

7. MWISHO

Kwa ufupi, kumbukeni haya. Harufu ya mpunga ni urithi, na urithi ukipotea haurudishwi kwa mbolea. Mchanganyiko huletwa na magunia na viwanja kuliko upepo. Mbegu mpya huzaliwa na mbegu za zamani, na anayezitupa za zamani anawanyima watoto wake mbegu ambazo bado hazijazaliwa.

Yule bibi amekwisha kufariki. Mbegu yake ingalipo, katika nyumba nne ninazozijua, na mwaka huu nimepanda jaruba moja mimi mwenyewe. Ikiwa mnayo ya namna hiyo majumbani mwenu, katika kibuyu kisichoguswa au katika debe la mama mkwe, isipikwe kabla ya kupandwa. Chukueni kwanza punje mia, mzitie katika maji, mwone kama zingali hai.